Maswali yenu: Nina kazi 63, nimpelekee zipi?

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja, watu mnaojiajiri mnataka kujua potifolio, yaani lile faili la kazi zako unalomwonyesha mteja, ijazwe nini. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imebeba mambo ambayo wengi mmeyauliza vipande vipande, zingine nimepita haraka kidogo.

SWALI

Shikamoo dada. Mi ni dizaina wa grafiki, naishi Sakina hapa Arusha, nina miaka 26. Nilianzia kwenye steshenari moja maeneo ya Soko Kuu nikakaa pale miaka miwili, saizi najitegemea mwaka wa pili huu. Juzi kampuni moja ya utalii ya Njiro waliona stika nilizobandika kwenye gari ya safari ya jamaa mmoja, wakanipigia, wakasema tutumie potifolio yako tuione, wanatafuta mtu wa brosha, stika za magari na posti za Instagram. Nimekusanya kazi zangu zote nimepata 63. Kuna kadi za harusi na za mchango, ratiba za mazishi, mabango ya maduka, logo ya saluni, fulana za kwaya, menyu ya baa, brosha ya mzee mmoja anayetembeza wageni shambani kwake kwenye kahawa kule Tengeru, ramani ya njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro niliyochora mwenyewe, logo moja ambayo mteja aliikataa ila mi naiona ndo kali kuliko zote, na zingine nilikuwa najifunza kwa kuiga za Pinterest. Nyingi nilizifanya nikiwa steshenari. Naogopa nikiweka chache wataona sina uzoefu. Nimekutumia baadhi uzione, pamoja na maelezo yake. Niweke zipi dada?

Dizaina wa Sakina

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nimeziangalia zote ulizotuma na kwanza nikupe hongera, mkono wako ni mzuri. Sasa tuongee.

Huyo mtu wa Njiro akifungua faili lako hatakaa ahesabu. Anatafuta kitu kimoja tu, brosha yake na mlango wa gari lake vikipita mikononi mwako vitatokaje. Basi kila kazi unayotaka kuiweka iulize hilohilo, hii inamsaidia kuiona kazi yake? Kadi ya mchango haimsaidii hata iwe imetulia vipi. Brosha ya Tengeru inamsaidia sana. Na zile stika za gari ndo zimemfanya apige simu, halafu kwenye orodha yako ya kazi hujaziweka kabisa! Ukipata asubuhi isiyo na mvua mwombe jamaa aoshe gari, upige picha mlango mzima uonekane, kisha upige nyingine kwa karibu kabisa pale stika inapopita kwenye kitasa na kwenye maungio ya milango, maana mwenye gari anaangalia hapohapo, anataka kuona kama imekatwa safi au imekunjamana na kuingiza vumbi. Picha hizo mbili zina uzito kuliko mabango yote ya maduka uliyonitumia.

Sisemi kadi za harusi na ratiba za mazishi ni kazi za chini, hapana. Ratiba ya mazishi inaletwa saa tatu usiku inatakiwa saa moja asubuhi na jina la mfiwa hata mmoja lisikosewe, hiyo kazi imekupa kasi na umakini ambao watu wengi waliosomea hawana. Zitengenezee faili lake peke yake, siku kamati ya harusi ikija unawapa hilo. Mtu mmoja anaweza kuwa na mafaili mawili hata matatu, na la Njiro liwe la Njiro.

Kuhusu idadi, hapa nishawahi kuumia mwenyewe. Miaka ile naanza nilibeba faili la plastiki lenye kazi 34 nikapanda daladala mpaka Usa River kumwona mama mmoja mwenye loji. Tukakaa barazani, akawa anafungua ukurasa mmoja mmoja taratibu, anatikisa kichwa kukubali, mi moyo unafurahi. Kufika katikati kukawa na kalenda niliyomtengenezea mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye ile kalenda nilimvuta tembo kwa upana ili ajaze nafasi, akawa mfupi, mnene, miguu kama ya meza. Yule mama akaweka kidole juu ya tembo akaniuliza, "Huyu umemfanya hivi wewe?" Nikasema mteja alikuwa na haraka. Akafunga faili, akaniambia atanipigia, na hakupiga. Mtu ambaye kila siku anauza kuona tembo unamwonyesha tembo aliyevutwa! Zile 33 zingine hata sidhani kama alizikumbuka. Nimekaa na hiyo kitu miaka mingi na naiamini kabisa, mteja anakupima kwa kazi yako dhaifu kwa sababu anajiuliza, je nikiangukia siku yake mbaya ntapata nini. Kwa hiyo woga wako wa kuweka chache nauelewa ila ugeuze, ogopa ile moja ya ziada. Kwako we nane zinatosha, na ukibaki na sita zilizosimama imara peleka sita.

Kuchagua kwenyewe usichagulie kwenye kompyuta, pale kila kitu kinaonekana kizuri kikiwa peke yake. Ziprinti zote ndogondogo, sita kwa karatasi moja ya A4, kata kwa mkasi, zimwage sakafuni ukiwa umesimama. Utaona mwenyewe, zingine zinakuita na zingine macho yanaziruka. Ukibaki na kama kumi na tano mwite mtu ambaye hajui kazi zako, jirani au mama wa genge, mwonyeshe moja moja kwa muda mfupi kama anavyoangalia mtu aliyeshika simu, kisha ficha na umuulize, hawa wanauza nini? Asipojua iweke pembeni. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia nzuri kwa kukuonea huruma.

Sasa ile ramani ya Machame. Nimeipenda, rangi zimetulia na ule mteremko wa mlima umeuchora vizuri mno. Ila nimeikuza kwenye simu nikaona mshale wa kushuka unarudi lango la Machame. Wanaopanda kwa Machame wanashukia Mweka, mdogo wangu, wanaorudi kwa njia ileile waliyopandia ni wa Marangu. Na pale juu umeandika kilele cha Uhuru mita 5,985 wakati ni 5,895, tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Stella Point, pale ukingoni kabla ya kilele, umeipata sawa, 5,756. Kampuni inayopandisha watu mlimani itayaona hayo kabla hata haijaiona rangi, na watajiuliza kama ramani yao nayo itapotea njia. Irekebishe leo, mwonyeshe mwongoza watalii au mpagazi yeyote unayemfahamu aipitie kituo kwa kituo, ikishapita hapo naitaka iwe ya kwanza kabisa kwenye faili. Hakuna kazi yako nyingine inayosema "naijua biashara yenu" kama hiyo.

Brosha ya mzee wa Tengeru usiiweke kimyakimya, iandikie mistari mitatu. Uliniambia wageni walikuwa wanamuuliza kila siku safari inachukua muda gani na kama chakula kipo ndani ya bei, we ukayaleta hayo mawili ukurasa wa mbele. Basi andika hivyohivyo, shida ilikuwa nini, ukafanya nini, ikawaje. Mteja akisoma anaona kichwa kinachofikiri, haoni mkono wa kupaka rangi tu. Kama bado unayo ile brosha yake ya zamani iweke kando yake ndogo, na mzee awe ameridhia.

Za steshenari ziko tofauti. Pale ulikuwa umeajiriwa, wateja walikuwa wa bosi, kwa hiyo nenda kwa bosi wako wa zamani na soda mkononi, mwombe kwa heshima ruhusa ya kuonyesha mbili tatu, na akikubali upate hata ujumbe mfupi wa WhatsApp ubaki kumbukumbu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki ya mtunzi kutajwa kuwa ni yeye aliyetunga, ila kutajwa ni kitu kimoja na haki ya kuitumia kazi kibiashara ni kitu kingine, usivichanganye. Na pale ulipofanya sehemu tu sema sehemu. Ile menyu ya baa logo uliikuta, we ulipanga maandishi na bei, andika "mpangilio wa menyu" basi. Arusha ni ndogo, aliyechora ile logo anaweza kuwa anakunywa chai na huyo mtu wa Njiro kesho.

Logo iliyokataliwa, najua inakuuma. Unaweza kuiweka moja kama hiyo ukiandika wazi kwamba ni pendekezo ambalo halikutumika, jina la biashara ulitoe au uombe ruhusa, na isikae mwanzoni. Ila jiulize kwanza kama ni kali kwa mteja au ni kali kwako. Nimeiona. Herufi ni nyembamba sana, ikichapwa kwenye fulana itapotea, nadhani mteja aliona hilo. Mi ningeiacha.

Za kuiga Pinterest zote toa, hata ile ya chui. Zilikufundisha, zimemaliza kazi yake. Siku hizi mtu anapakia picha kwenye intaneti anatafuta ilikotoka na mwenye nayo anajitokeza palepale, ukishaonekana hivyo hata zako za kweli zitatiliwa shaka.

Mpangilio, ramani mbele, kisha gari, kisha Tengeru, na ya mwisho iwe nzuri inayofuatia kwa ubora maana ndo anafunga nayo. Zile za kawaida zikae katikati. Faili liwe PDF moja lisilozidi MB 5, atalifungua kwenye simu labda akiwa getini Tarangire mtandao unasuasua, asubiri dakika tatu akate tamaa. Namba yako iwe ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na faili lipe jina lako, nimechoka kupokea "final final 2".

Na usikae nalo. Hii ni Aprili, mvua zinapiga, magari mengi yamepaki, ndo muda kampuni zinatengeneza brosha na stika mpya kabla ya maonyesho ya utalii ya Karibu-Kilifair mwezi wa sita na kabla wageni wa msimu mkubwa hawajaanza kumiminika. Ukipeleka mwezi wa saba watakuwa porini wote.

SWALI

Dada habari za kazi. Mimi ni mpiga picha wa Moshi, nakaa Rau ila kwetu ni Kibosho. Nina picha za harusi na sendofu maelfu, lakini sasa nataka nipate kazi za mahoteli na za kahawa. Kwenye potifolio nimeanza na picha sita za Mlima Kilimanjaro asubuhi, zinapendwa sana. Nina na picha moja ya mtoto wa kituo cha watoto nilichokwenda na wageni waliokuwa wanajitolea, anacheka, kila anayeiona anasimama, nataka ndo iwe ya jalada. Halafu kuna hoteli nimewapigia picha ila kwenye mkataba wameandika nisionyeshe popote. Naomba ushauri.

Kaka wa Rau

JIBU

Habari ni nzuri kaka. Naanza na mtoto kwa sababu hapo nina neno zito. Usiiweke. Uliingia pale na wageni, kituo kikakuruhusu kupiga kumbukumbu, hiyo haikuwa ruhusa ya kumtumia mtoto kutafutia wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na imeanza kufanya kazi Mei 1, 2023, na picha ya sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake binafsi, kwa mtoto unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kwa matumizi hayohayo unayoyataka, ipate kwa maandishi. Lakini hata sheria ingekuwa haipo ningekwambia hivihivi. Huyo mtoto atakuwa mkubwa, atakuwa fundi au mwalimu hapo Moshi, na siku moja mtu atamwonyesha uso wake kwenye tangazo na chini yake limeandikwa kituo cha watoto. Hakuulizwa.

Mlima sasa. Kila mpiga picha wa Moshi anao, hata mimi kwenye simu ninao, asubuhi ukiwa wazi unajipiga wenyewe. Mwenye hoteli anaujua mlima, haujui mkono wako ndani ya chumba chenye dirisha linalowaka na kitanda kilicho gizani. Bakiza mmoja, tena ule ambao mlima unaonekana kutoka kwenye baraza au dirisha la mahali fulani, hapo unakuwa umemuuzia chumba.

Na usizidharau harusi zako, humo ndani kuna kazi za hoteli umezilalia. Rudi kwenye mafolda utafute zile ulizopiga kabla wageni hawajaingia, ukumbi umepambwa, meza zimepangwa, glasi zimepata mwanga wa pembeni. Tafuta za chakula, mpishi anakata ndafu, mvuke unapanda. Tafuta ukumbi usiku ambao taa za rangi hazijaharibu ngozi za watu. Bibi harusi na bwana harusi waache kwenye faili la harusi. Nina hakika utapata kumi bila kupiga picha mpya hata moja, na zenye sura za watu omba ruhusa kwanza.

Kahawa huna hata moja, usijifanye unayo. Umesema kwenu ni Kibosho, basi kihamba cha nyumbani kina kahawa chini ya migomba, mwezi wa saba wa nane zikianza kuiva nenda siku tatu mfululizo. Piga mikono inachuma nyekundu tupu na kuziacha za kijani, piga mashine ya kumenya ya mkono, punje zilizooshwa zimetandazwa juu ya chekeche za kukaushia na mtu anazichagua. Lipa waliokusaidia, waambie zinaenda wapi. Kazi ya kujituma mwenyewe ni halali kabisa kwenye potifolio ukisema hivyo, na mnunuzi wa kahawa anataka kuona unaujua mnyororo wote kuliko kuona kikombe chenye povu.

Ile hoteli yenye mkataba heshimu, hata kumwonyesha mtu mmoja kwa siri kwenye simu usifanye. Anayeona unavunja neno la mwenzake anajua na lake utalivunja. Waandikie kistaarabu, waombe ruhusa ya picha tatu walizokwisha kuziweka wenyewe hadharani. Wengi hukubali.

SWALI

Dada, niweke bei kwenye potifolio au nisiweke? Fundi wa tovuti, Majengo, Moshi.

JIBU

Usiweke. Bei inabadilika, faili linazunguka miaka, mtu atakuja na bei ya mwaka juzi akikushikia simu. Bei iende kwenye proforma, ile karatasi ya makadirio unayompa mteja kabla ya kazi, baada ya kujua kazi yenyewe.

SWALI

Shikamoo dada, nimemaliza chuo mwaka jana nataka kuwa mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili, niko Tengeru. Sijawahi kulipwa hata kazi moja zaidi ya kumtafsiria shangazi barua za hospitali na jirani cheti cha kuzaliwa. Nitatoa wapi potifolio?

JIBU

Marahaba mwanangu. Hizo barua za hospitali na cheti usivionyeshe hata ukifuta majina, ni siri za watu, na mfasiri asiyeweza kutunza siri hana kazi mji huu.

Tengeneza sampuli tatu zako mwenyewe. Uko kwenye mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, matamko na hukumu zinawekwa wazi watu wasome. Chukua kipande cha hukumu cha maneno kama 300, chukua na maelezo ya hifadhi yaliyoandikwa kwa ajili ya watalii, halafu maelekezo ya dawa au ya mbegu, kitu ambacho kikikosewa mtu anaumia. Tafsiri, panga safu mbili, Kiingereza kushoto Kiswahili kulia, juu yake andika kwamba ni sampuli yako na matini ya asili imetoka wapi. Usichukue shairi, anayekuajiri hatafuti shairi. Pale neno lilipokusumbua weka maelezo mafupi chini kwa nini umechagua hilo na si lile, mistari miwili tu, hapo ndo mtu anayejua kazi atakaa asome.

Ukimaliza usijisomee kimoyomoyo. Mpe shangazi yako ile safu ya Kiswahili aisome kwa sauti, Kiingereza kimefunikwa na karatasi. Kila mahali atakapokwama au kurudia, piga mstari kwa penseli, urudi ukapaandike upya.